Picha imekuwa kubwa, mbona haionyeshi zaidi?

Swali: Niko maabara ya kituo cha afya, Ukerewe. Hadubini yetu ni ya kawaida, taa ya LED, lenzi za 4, 10, 40 na 100, na lenzi za jicho za 10x. Asubuhi tunasoma kinyesi kutafuta mayai ya kichocho, mchana tunasoma slaidi za malaria. Nilinunua lenzi za jicho za 20x nikitegemea kuviona vimelea vizuri zaidi. Vimekuwa vikubwa kweli, ila vina ukungu, kuna giza, na naona nyuzinyuzi zikielea. Nikipiga picha kwa simu na kuivuta, hali ni ile ile. Je, nimeuziwa lenzi mbovu? Na kuona kwa hadubini kuna mwisho, au ni suala la fedha tu?

Jibu: Ndugu, yaelekea lenzi hizo hazina kasoro yoyote. Ulichofanya ni kuitandaza picha ile ile juu ya eneo kubwa zaidi. Mwisho wa kuona upo, una namba yake, na fedha huusogeza kidogo sana. Ila nikiangalia ratiba yako, kinyesi asubuhi na malaria mchana kwenye hadubini moja, nashuku kwamba hata huo mwisho bado hujaufikia, na kinachokuzuia hakihitaji kununuliwa. Ni kondensa, ile lenzi iliyo chini ya slaidi inayokusanya mwanga wa taa. Nitafika huko, lakini kwanza tuanze na mwanga wenyewe, maana bila hapo ushauri wote utaonekana kama kanuni za kukariri.

Simama ufukweni penye majabali, Jiwe la Bismarck pale Mwanza au popote kisiwani kwenu, utazame mawimbi yanavyopita kwenye uwazi kati ya mawe mawili. Uwazi ukiwa mpana sana kuliko umbali wa mgongo mmoja wa wimbi hadi mwingine, wimbi hupita limenyooka na maji yaliyo nyuma ya jiwe hutulia. Uwazi ukiwa mwembamba, wimbi likishapita hutanuka kwa nusu duara hadi nyuma ya mawe yenyewe. Mwanga hufanya vivyo hivyo. Thomas Young wa Uingereza alilionyesha jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1800. Hatulioni milangoni wala madirishani kwa sababu urefu wa wimbi la mwanga unaoonekana ni mikromita 0.4 kwa zambarau hadi 0.7 kwa nyekundu, na mlango ni mpana mara milioni na zaidi.

Ukitaka kuliona kwa macho yako, chukua tochi ndogo ya leza nyekundu, ile ya kuonyeshea ubaoni. Nyoosha unywele mmoja katikati ya mwale wake, uelekeze ukutani umbali wa mita 2 katika chumba chenye giza, na usiuelekeze kamwe kwenye jicho la mtu. Ukutani hutapata kivuli cha unywele. Utapata mstari wa vipande vya mwanga vinavyotenganishwa na giza, umelala kuukingama unywele. Kwa leza ya nanomita 650 na unywele wa mikromita 70, kutoka giza moja hadi linalofuata ni kama milimita 18 au 19. Weka unywele mwembamba zaidi, vipande vitaachana zaidi. Shika hilo: kadiri kitu kinavyokuwa chembamba, ndivyo kinavyoutawanya mwanga kwa pembe pana zaidi.

Ernst Abbe, aliyefanya kazi na Carl Zeiss mjini Jena, Ujerumani, ndiye aliyeieleza hadubini kwa msingi huo, mwaka 1873. Kila umbo dogo lililo kwenye slaidi hutawanya mwanga, na maumbo madogo zaidi huutawanya pembeni zaidi. Lenzi ni kinywa chenye upana maalumu. Mwanga uliotawanywa kwa pembe kubwa kuliko kinywa hicho hauingii, na umbo lililoutawanya halitakuwamo kwenye picha. Haliwi dogo wala hafifu; halimo. Ndiyo maana lenzi ya jicho, ambayo kazi yake ni kukuza kile kilichokwisha kuingia, haiwezi kulirudisha.

Tuweke namba. Chukua mistari iliyopangana kila baada ya mikromita 0.5, uimulike kutoka chini kwa mwanga wa kijani wa mikromita 0.55 unaokuja wima. Ukigawa 0.55 kwa 0.5 unapata 1.1, na hiyo ndiyo sine ya pembe ambayo mwanga ungepaswa kutokea hewani. Hakuna pembe yenye sine ya 1.1. Maana yake habari za mistari ile hazitoki kwenye slaidi hata kidogo. Sasa tia tone la mafuta ya hadubini, ambayo kipimo chake cha kupinda mwanga ni 1.515, karibu sawa kabisa na kioo. Ndani ya mafuta wimbi hufupika hadi mikromita 0.36, sine inakuwa 0.73, na pembe ni nyuzi 47. Lenzi yako ya 100 hupokea mwanga hadi nyuzi 56 hivi. Imeingia. Hiyo ndiyo kazi ya mafuta: kulifupisha wimbi na kuifanya miale ya pembeni ivuke bila kurudishwa ndani ya kioo. Kung'aa kwa picha ni faida ya ziada tu.

Angalia ubavu wa lenzi hiyo. Utakuta maandishi kama 100/1.25, na chini yake 160/0.17. Wengi husoma 100 wakaishia hapo. Namba inayoamua utaona nini ni ile 1.25, inayoitwa NA: ni kipimo cha kupinda mwanga cha kilichopo kati ya lenzi na slaidi, kikizidishwa kwa sine ya nusu ya pembe ambayo lenzi inaipokea. Umbali mdogo kabisa ambao vitu viwili bado vinaonekana viwili ni 1.22 mara urefu wa wimbi, ugawe kwa jumla ya NA ya lenzi na NA ya kondensa. Kondensa ikilingana na lenzi, kwa mwanga wa kijani, lenzi ya 4 yenye NA 0.10 hutenganisha mikromita 3.4; ya 10 yenye 0.25 hutenganisha 1.3, ya 40 yenye 0.65 hutenganisha 0.52, na ya 100 yenye 1.25 hutenganisha 0.27.

Linganisha na kazi yako. Yai la kichocho cha tumbo, kinachowasumbua watu wa mwambao wa ziwa, lina mikromita kama 140 kwa 60 na mwiba ubavuni. Lenzi ya 10 inatosha na kusaza. Chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 hadi 8, na pete changa ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, huchukua kama sehemu moja ya tano ya upana huo, ikiwa na kidoa cha kromatini (kiini chake) kisichofika mikromita 1. Kwa lenzi ya 40 kidoa hicho kinabaki doa lenye kingo za mashaka; kwa ya 100 kinasomeka. Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa mikromita 2 hadi 4, kwa hiyo urefu wake unaouona ni wa kweli, ila unene wake ni 0.2 hadi 0.5, pale pale mpakani. Unene unaouona kwenye hadubini ni mchanganyiko wa bakteria na ukungu wa lenzi. Kirusi cha UKIMWI, chenye mikromita 0.12 hivi, sahau.

Sasa lenzi zako za 20x. Jicho zima, kwa umbali wa kusomea wa sentimita 25, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa milimita 0.15 bila kuhangaika. Kwa lenzi ya 100 na lenzi ya jicho ya 10x, ile mikromita 0.27 inakuzwa mara 1000 na kuwa milimita 0.27. Tayari jicho lako linaliona kila ambalo lenzi imelikamata, na nafasi inabaki. Ukikuza mara 2000 unapata milimita 0.54 za ukungu. Kanuni ya mezani ni kwamba ukuzaji wenye faida ni kati ya mara 500 na mara 1000 ya NA, yaani kati ya 625 na 1250 kwa lenzi yako. Giza nalo lina hesabu yake: ukiongeza ukuzaji mara mbili, mwanga ule ule unatandazwa juu ya eneo kubwa mara nne, kwa hiyo kila sehemu inabaki na robo. Na zile nyuzi zinazoelea zimo ndani ya jicho lako mwenyewe. Mwale unaotoka kwenye lenzi ya jicho ulikuwa na kipenyo cha milimita 0.6, sasa una 0.3, na mwale mwembamba kiasi hicho hutupa kivuli kikali cha kila kiuzi kinachoelea ndani ya jicho. Kama una shaka, zungusha lenzi ya jicho: uchafu wa lenzi utazunguka nayo, nyuzi za jicho hazitazunguka.

Rudisha zile za 10x. Tuje kwenye kondensa.

Slaidi ya kinyesi haina rangi ya kutegemea. Yai linaonekana kwa sababu ganda lake linapinda mwanga tofauti na kimiminika kilicholizunguka, na tofauti hiyo hujitokeza vizuri ukiifunga diaframu ya kondensa (tundu lake linaloweza kubanwa na kupanuliwa) au ukiishusha kondensa yenyewe. Ndivyo inavyotakiwa. (Kipimo cha Kato-Katz, kile cha kuhesabu mayai kwenye kinyesi, kinaitumia fizikia hiyo hiyo kwa upande wa pili: gliserini, yenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.47, huingia kwenye mabaki ya chakula na kuyafanya yawe angavu. Lakini haichagui. Mayai ya safura yenye ganda jembamba nayo hulainika na kufifia machoni, na ndiyo sababu slaidi za safura zinasomwa ndani ya dakika 30 hadi 60 na si kesho yake. Yai la kichocho hustahimili.)

Slaidi ya malaria iliyopakwa rangi ya Giemsa ni kesi nyingine kabisa. Rangi ndiyo inayotofautisha, kwa hiyo huhitaji kufunga diaframu ili kuona. Ukiiacha imefungwa kama ulivyokuwa asubuhi, kondensa inatoa mwanga wenye NA ya 0.2 labda. Piga hesabu: 1.22 mara 0.55 ni 0.671, gawa kwa jumla ya 1.25 na 0.2, unapata mikromita 0.46. Lenzi yako ya 100 imegeuka kuwa na uwezo unaozidi kidogo tu ule wa lenzi ya 40. Ifungue kondensa hadi 0.9, ambayo ndiyo karibu mwisho wake ikiwa kavu, unapata 0.31. Ukitia mafuta pia kati ya kondensa na slaidi utafika 0.27. Kwa malaria ya kila siku mimi sishauri mafuta ya chini. Ni kazi ya kufuta tu, na tofauti ya 0.31 na 0.27 haitabadilisha jibu la mgonjwa. Tofauti ya 0.46 na 0.31 inaweza kulibadilisha.

Basi kabla ya slaidi ya kwanza ya mchana, fanya hivi. Pandisha kondensa mpaka lenzi yake ya juu ikaribie kugusa slaidi, kisha ishushe unywele tu. Tafuta fokasi kwa lenzi ya 10, weka tone moja la mafuta, geuza lenzi ya 100 iingie, rekebisha kwa skrubu ndogo peke yake. Halafu toa lenzi moja ya jicho na uchungulie ndani ya bomba. Utaona duara jeupe linalong'aa, na ukisogeza kile kijiti cha diaframu utaona kingo zake zikiingia na kutoka kwenye duara. Simama pale kingo zinapoacha robo tatu hadi nne kwa tano ya kipenyo wazi. Ukifungua yote mwanga wa kupotea huongezeka na rangi huonekana zimepauka. Ukifunga zaidi unaanza kupoteza maumbo. Ukiwa bado unachungulia, kagua mafuta: povu la hewa huonekana kama kiputo chenye ukingo mweusi kinachoogelea kwenye duara, na kiputo kimoja kinatosha kuharibu picha nzima. Geuza lenzi pembeni kidogo na uirudishe. Kisipotoka, futa na uweke tone jipya. Rudisha lenzi ya jicho.

Mwanga ukikuzidi, punguza taa kwa kitufe chake. Usipunguze kwa diaframu. Kosa hilo nadhani ndilo linaloongoza kwenye maabara zetu, na halionekani kuwa kosa kwa sababu picha yenye diaframu iliyofungwa huonekana kali: kila kitu kina ukingo mweusi. Ukingo huo umetengenezwa na difraksheni, yaani kule kutanuka na kutawanyika kwa mwanga. Haumo kwenye chembe, na ukiukuta umezunguka takataka ya rangi unaweza kukuuzia pete ya malaria ambayo haipo.

Kuhusu mafuta, najua yakiisha watu hutafuta mbadala. Mafuta ya kula, gliserini na parafini ya maji (si mafuta ya taa) yote yana kipimo cha kupinda mwanga cha karibu 1.47. Kipimo hicho kinazidi NA ya 1.25, kwa hiyo pembe inapita. Tatizo ni kwamba lenzi ilipigiwa hesabu kwa 1.515, na kwa 1.47 miale ya katikati na ya pembeni haikutani mahali pamoja, hivyo kila doa linapata wingu. Mafuta ya kula yana ubaya wa pili: huganda na kuwa kama gundi kwenye lenzi. Parafini ya maji kwa siku ya dharura, sawa. Mafuta ya kula, hapana.

Lenzi ya 100 ina kina kidogo sana cha fokasi, kama nusu ya mikromita. Kwenye damu nzito (tone nene la damu kwenye slaidi) vimelea viko kwenye tabaka kadhaa, kwa hiyo kidole chako hakitakiwi kutulia kwenye skrubu ndogo. Ukiiacha fokasi sehemu moja, umesoma tabaka moja.

Lenzi ya 40 ndiyo inayoteseka zaidi, kwa sababu ni kavu lakini inapita juu ya slaidi yenye mafuta. Tone dogo tu likiishika, picha inakuwa kama imepakwa maziwa, na mtu huamini lenzi imekufa. Futa kwa karatasi ya lenzi kavu kwanza, kisha kwa karatasi yenye unyevu mdogo wa kimiminika anachokiruhusu mtengenezaji. Usiloweke, maana gundi inayoshika vioo ndani inaweza kulegea. Ile 0.17 uliyoisoma ubavuni ni unene wa kifuniko cha slaidi kwa milimita. Na slaidi ikiwekwa kinyumenyume, damu ikiwa chini, lenzi ya 100 haitapata fokasi kabisa: kioo cha slaidi kina milimita 1 au zaidi, na lenzi hiyo hufanya kazi kwa umbali wa milimita 0.2 au pungufu. Ukilazimisha, unaipasua.

Simu yako haina hatia. Kupitia lenzi ya jicho ya 10x yenye uwanja wa milimita 18, lenzi ya 100 inakuonyesha duara la mikromita 180. Gawa kwa 0.27: kuna sehemu kama 670 tu zinazoweza kutenganishwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kila moja inahitaji pikseli mbili au tatu, kwa hiyo pikseli 2000 kwa upana zinatosha. Kamera ya megapikseli 12 ina 3000 kwa upande wake mfupi. Simu ya megapikseli 108 itakupa faili nzito la ukungu ule ule, na kuvuta picha kwa vidole ni lenzi ya 20x kwa jina lingine. Kinachosaidia ni kishikizo kinachoituliza simu, na kufunga fokasi na mwangaza visibadilike vyenyewe.

Umeuliza kama fedha zinasogeza mwisho. Lenzi ghali ya mafuta yenye NA 1.4, na kondensa inayolingana nayo, itakupa 0.24 badala ya 0.27. Kichujio cha bluu kinachopitisha mikromita 0.45 kitakupa 0.22 kwa lenzi uliyonayo, ila rangi za Giemsa zitaharibika. Kuvuka hapo kunahitaji fizikia nyingine. Ernst Ruska na Max Knoll walitumia elektroni, zenye wimbi fupi mno kuliko mwanga, wakajenga hadubini ya elektroni mwaka 1931. Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Nobel ya kemia mwaka 2014 kwa kuupita mpaka wa Abbe kwa kutumia molekuli zinazong'aa: mwanga haukuacha kuwa wimbi, ila njia ya Betzig na Moerner huziwasha molekuli chache chache ili kila moja ipimiwe mahali pake peke yake, na ya Hell huzizima za pembeni kwa mwale wa pili ili ing'ae sehemu ndogo ya katikati tu.

Kuna jambo moja la huko linalokugusa moja kwa moja. Kuona kwamba kitu kipo si sawa na kuona umbo lake. Kitu kinachotoa mwanga wake chenyewe kwenye giza kinaonekana hata kikiwa kidogo kuliko mpaka. Kitatokea tu kama doa lenye ukubwa wa ukungu wa lenzi. Ndiyo sababu hadubini za LED za floresensi husoma kifua kikuu kwa lenzi ya 20 au 40 bila mafuta na kwa haraka: bakteria aliyepakwa rangi maalumu anang'aa juu ya weusi. Ukipata fursa ya kuomba kifaa kipya kituoni, omba hicho kabla ya kitu chochote chenye X nyingi.

Kama umefanya yote haya na lenzi ya 100 bado ina ukungu, ifungue kutoka kwenye hadubini, geuza lenzi ya jicho ya 10x kichwa chini uitumie kama kioo cha kukuzia, na ukague uso wa mbele chini ya taa. Mikwaruzo au ukungu wa fangasi wenye matawi vitaonekana. Unyevu wa ziwani huwapenda fangasi, hivyo usiku hadubini ikae ndani ya sanduku lenye vifuko vya silika vilivyokaushwa, si chini ya mfuniko wa plastiki peke yake. Lenzi iliyokwaruzika haitengenezeki, nunua nyingine, na dukani soma kabla ya kulipa: kama yako imeandikwa 160/0.17 (160 ni urefu wa bomba kwa milimita), usikubali yenye alama ya ∞ hata kama inaingia kwenye uzi vizuri, kwa sababu hiyo imetengenezewa hadubini yenye lenzi ya ziada ndani ya bomba, nawe huna.